Laddie Vondracek, Fundi wa Vifyatulio wa Brodek

Jina alilobatizwa ni Ladislav Anton Vondracek, lakini ukilitamka lote hapa Brodek watu watadhani umekosea jeneza. Kwetu alikuwa Laddie. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946 katika shamba la wazazi wake, Anton na Bozena, maili nne kaskazini mwa mji huu, akiwa kitindamimba wa watoto watatu. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto alitoka amekunja ngumi na kwamba mkunga alihangaika kuikunjua. Akina Vondracek wana tabia ya kutia chumvi, kwa hiyo lipokeeni hilo mnavyoona inafaa.

Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na daraja, akiwa anajua Kicheki tu na maneno machache ya Kiingereza aliyookota kwenye mnada wa ng'ombe, mengi yake hayasemeki darasani. Akiwa darasa la nne aliifungua mashine ya mwalimu ya kuchongea penseli, akaitawanya juu ya dawati, kisha akaiunga tena ikawa inachonga vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Alichapwa hata hivyo. Alimaliza sekondari hapa Brodek mwezi Mei 1965, na walimu wake walimkumbuka kama kijana mpole ambaye ukimuuliza swali anaangalia mikono yako badala ya uso wako.

Aliitwa jeshini mwezi Machi 1966. Vijana wengi wa rika lake walipelekwa Vietnam, na majina ya wawili kati yao yamechongwa kwenye jiwe lililo nje ya kanisa hili. Laddie alibakizwa Georgia, katika karakana ya silaha, akitengeneza bastola za timu ya jeshi ya kulenga shabaha. Bahati hiyo ilimkaa moyoni maisha yake yote. Mtu akimshukuru kwa kulitumikia taifa, alijibu, "Washukuru wale wa kwenye jiwe," kisha akageuza mazungumzo yawe ya mahindi.

Kwa wale mliokuja leo kwa ajili ya Arlys, mjane wake, na hamjui lolote kuhusu bastola, hebu tuseme kidogo. Bastola ikitoka kiwandani, kifyatulio chake, yaani kile kidude kinachovutwa kwa kidole, huwa kizito na kinakwaruza njiani. Kwa mtu wa kawaida si neno. Kwa mshindani aliyenyoosha mkono mmoja, akilenga karatasi iliyo umbali wa yadi hamsini, mkwaruzo huo unatosha kumtikisa na kumharibia alama. Laddie aliondoa vipuri vya kiwandani akaweka vyake, alivyovikata kwa msumeno, akavichoma na kuvisugua kwa jiwe, mpaka kifyatulio kikavutika kwa ulaini na kukatika ghafla kama tambi kavu. Ugumu wa kazi ni kujua pa kuishia. Ukisugua mno, nyundo ya bastola haishikwi sawasawa, na silaha inaweza kujifyatua yenyewe. Hapo tena si habari ya alama, ni habari ya roho ya mtu.

Somo hilo alilipata kwa aibu. Mwaka 1970 alikwenda Ohio kwenye mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza, akiwa na bastola aliyoitengeneza mwenyewe. Kanuni inataka kifyatulio kibebe jiwe la uzani wa ratili tatu na nusu bila kufyatuka. Cha Laddie kilifyatuka jiwe lilipoanza tu kuinuka mezani, na mwamuzi akamrudishia bastola yake bila kumtazama. Aliendesha gari hadi nyumbani. Baba yake alimkuta kwenye zizi.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Sikupiga, Baba."

"Umekwenda mpaka Ohio usipige?"

"Nilipunguza mno."

"Basi mara nyingine usipunguze mno," mzee Anton alisema, akaendelea kukamua.

Aliporudi kutoka jeshini alikuwa ameajiriwa kwenye ghala la nafaka la ushirika, akitengeneza mashine za kupandishia mahindi, na vifyatulio alivifanya jioni tu. Mwaka 1981 aliacha ghala akafungua karakana nyuma ya nyumba, kwenye lile banda la kuku ambalo mpaka leo mvua ikinyesha linanuka kuku. Vipuri vyake vilikwenda Texas, vikaenda Ujerumani, vikaenda Ufilipino, vimefungwa kwenye makopo ya dawa za kikohozi kwa sababu alikataa kununua vibweta. Hakuweka bango wala tangazo. Wageni walielekezwa na muuza petroli.

Arlys Hruska alimwona mara ya kwanza mwaka 1971 kwenye ukumbi wa dansi ya polka, na huwa anasema hakuvutiwa hata kidogo, maana alicheza kama mtu anayekagua sakafu. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Oktoba 1972. Mungu aliwapa mtoto wa kiume, Josef, mwaka 1975, akamchukua siku hiyohiyo. Leo Laddie analazwa kando yake. Binti yao, Renae, alizaliwa tarehe 9 Mei 1978.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mteja wa Laddie alilijua na kila mmoja aliliona la ajabu. Arlys hajapiga risasi hata moja maishani mwake. Hapendi kelele, hapendi harufu ya baruti, na alisema hivyo hata siku ya uchumba. Lakini hakuna bastola iliyotoka katika karakana ile kabla Arlys hajavuta kifyatulio chake. Laddie aliihakikisha kuwa tupu, akaihakikisha tena, kisha akaingia nayo jikoni alikokuwa mkewe akikanda unga wa kolache, vile vikate vitamu vya Kicheki.

"Futa mikono. Fumba macho."

"Nina kazi, Laddie."

"Mara moja tu, bibie."

Arlys alifuta kidole kimoja, akafumba macho, akavuta. "Ina mchanga," alisema. Au, "Inatambaa." Au, "Mbona kama imechoka?" Na Laddie, fundi aliyeheshimiwa hadi Ujerumani, alirudi karakanani akibwata peke yake kwa Kicheki. Aliporudi tena, na tena, ndipo Arlys aliposema, "Haya, sawa," na bastola ikafungwa. Laddie aliwahi kuulizwa kwa nini anamsikiliza mtu asiyejua hata upande risasi inakoingilia. Alijibu kwamba wapiga shabaha wote husikia kile wanachotaka kusikia, lakini mke wake hataki kusikia chochote, anataka kurudi kwenye unga wake.

Mnamo Septemba 2018 Laddie alipatikana na saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza kutiwa dawa kali kwa dripu hospitalini huko Lincoln, majira yote ya baridi. Nywele zilibaki, jambo lililomfurahisha kupita kiasi. Alikonda, alitapika, alilalamika kwamba kahawa ina ladha ya misumari, na bado alikwenda karakanani kila alipoweza kusimama. Arlys alimsihi apumzike. Alisema akipumzika atakufa.

Alichoficha ni vidole. Dawa zile zilivitia ganzi. Ilianza kwenye ncha, ikapanda, na kufikia Pasaka ya 2019 alikuwa anaweza kushika kikombe cha moto bila kujua kwamba kina moto. Hakumwambia daktari. Hakumwambia Arlys. Na kwa kuwa Arlys angegundua mara moja kazi ikiharibika, aliacha kumpelekea bastola jikoni. "Nimeshaipima," alisema, akaifunga mwenyewe. Arlys aliumia. Alidhani mumewe amemchoka, au ugonjwa umemwondolea ule upuuzi wao mzuri, akaona haya kuuliza. Wazee wawili nyumba moja, kila mmoja amemeza lake.

Yamesemwa mengi katika mji huu kuhusu kilichotokea mwezi Julai mwaka huo. Imesemwa kwamba Laddie alirukwa na akili. Imesemwa pia, na aliyesema anajijua, kwamba alimwonea wivu binti yake. Arlys ameagiza lisomwe hapa mbele ya jeneza kama lilivyokuwa, na Renae amekubali.

Gaylen Kucera, aliyenunua vifyatulio kwa Laddie tangu ujana wake, alikuja alasiri moja na kasha lake la bastola akaliweka juu ya meza ya jikoni. Hakukaa.

"Laddie, hii imetoa mbili."

"Mbili nini?"

"Nimevuta mara moja, zimetoka risasi mbili. Ya pili imetoboa paa la kiwanja cha shabaha."

"Umevuta vibaya. Kidole chako kizito tangu enzi."

"Haya, shika wewe basi, bwana fundi."

Laddie akaishika. Akahakikisha iko tupu, akaivuta, akavuta tena. Arlys alikuwa kwenye sinki. Anasema alimtazama mumewe usoni na akaona uso wa mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake akalisahau.

"Nipe," Arlys akasema.

"Acha, Arlys."

"Laddie. Nipe hiyo bastola."

Akafuta kidole, akafumba macho, akavuta. Alifumbua, akaiweka mezani. "Hapa hakuna kitu," alisema. "Haijashikwa na chochote. Hukusikia?"

"Sisikii kitu, Arlys. Tangu Pasaka sisikii kitu."

Gaylen alisema atasubiri nje, akatoka. Arlys alimshika mumewe vidole, kimoja kimoja, akivibana kwa kucha zake, na Laddie akawa anatikisa kichwa kwa kila kimoja. Hapo ndipo Laddie alipolia. Anayesema hakulia, hakuwepo.

Tangu Pasaka alikuwa ametoa bastola saba. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuwaomba wazirudishe kwa kisingizio cha kubadilisha springi, na jina lake lingebaki safi. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye simu akampigia kila mmoja na kusema maneno yaleyale: mimi ni Laddie, vidole vyangu vimekufa, nilikuuzia kazi nisiyoweza kuipima, usiipige. Wengine walimpa pole. Mmoja alimtukana, naye Laddie akayakubali matusi. Jina lililojengwa kwa miaka arobaini liliisha kabla ya chakula cha mchana, na aliyelimaliza ni yeye mwenyewe.

Lakini simu ya kwanza kabisa, kabla ya zote, ilikuwa kwa Renae.

Renae alikuwa Ohio kwenye mashindano ya taifa. Mashindano yale huchukua siku tatu, kila siku na aina yake ya bastola, na ya mwisho ni ile kubwa, inayoitwa ya arobaini na tano kwa unene wa risasi yake. Alikuwa amekwenda huko mwaka baada ya mwaka, akitumia likizo yote ya kazi yake ya kuendesha mitambo ya barabara ya kaunti, na mara mbili alikuwa amerudi na nafasi ya pili. Safari hii, siku mbili zilikuwa zimekwisha na Renae alikuwa anaongoza nchi nzima. Yake ya arobaini na tano ilikuwa mojawapo ya zile saba.

"Renae, ile kubwa usiipige leo."

"Baba, naongoza."

"Najua, mwanangu."

"Nimeipiga tangu Juni, haina neno. Ni nzuri kuliko zote ulizonipa."

"Ya Gaylen nayo haikuwa na neno mpaka juzi."

"Kwani hii umeiona ina kasoro gani?"

"Sijaona kasoro. Siwezi kuona. Vidole vyangu havina uhai, Renae. Sijui nilikupa nini."

Arlys, aliyekuwa amesimama karibu, alisikia kwenye simu vipaza sauti vya kiwanja vikiwaita washindani.

"Tangu lini?"

"Pasaka."

"Ukangoja mpaka naongoza," Renae alisema, akakata simu.

Kulia kwake na kushoto kwake kwenye mstari wa kulengea walisimama watu, bega kwa bega. Renae alifunga kasha. Alipewa bastola ya kuazima na mama mmoja wa Pennsylvania asiyemfahamu, bastola ya kiwandani, nzito, yenye mkwaruzo. Alimaliza wa kumi na moja. Na hakurudi Brodek. Alipita barabara kuu akaenda moja kwa moja kwake Kearney. Hakupiga simu vuli nzima. Sikukuu ya Shukrani kiti chake kilikuwa kitupu, Krismasi vilevile. Laddie hakumlaumu hata mara moja. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani aliinua kichwa, kisha akajifanya anatafuta miwani.

Mwezi Januari saratani ilirudi, safari hii kwenye ini, na madaktari wakasema wazi kwamba hakuna tena la kufanya. Alilazwa sebuleni, kwenye kitanda cha kukodi, dirishani. Ni Arlys aliyempigia Renae. Hakumsihi. Alimwambia, "Baba yako anakufa, na mimi nimechoka kupika chakula cha watu wawili kinacholiwa na mmoja."

Renae alifika Jumapili, tarehe 16 Februari, kukiwa na theluji. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda bila kuvua koti.

"Niliipeleka ile bastola kwa fundi Iowa," alisema. "Aliichunguza kwa lenzi, akaipiga, akaitikisa, akaibamiza. Haina kasoro, Baba. Aliniuliza ni nani aliyeifanya. Alisema hajapata kuona kifyatulio safi kama kile."

Arlys alidhani mumewe atafurahi. Laddie aligeuza uso ukutani.

"Basi nimekunyang'anya ushindi," alisema.

"Ndiyo. Umeninyang'anya."

"Nilikuwa sijui, Renae."

"Najua ulikuwa hujui. Nimekaa miezi yote hii nakuchukia, na kila nikikuchukia nafika palepale, kwamba ulikuwa hujui." Akaanza kulia. "Ungeniambia Pasaka, Baba. Ningekuja kukushikia vidole. Ningepata bastola nyingine. Ungeniambia tu."

"Niliona haya."

"Kwangu mimi?"

"Kwako zaidi ya wote."

Renae akavua koti. Akapanda kitandani, mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja, akalala kando ya baba yake juu ya blanketi. Baadaye Arlys alimsikia akiuliza, "Na kama ingekuwa ndiyo leo, naongoza, ungenipigia?"

"Ningekupigia."

"Na mimi ningekasirika vilevile."

"Kasirika, mama. Kasirika mpaka uzeeke."

Alikata roho nyumbani Alhamisi tarehe 20 Februari 2020, muda mfupi baada ya saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkewe na binti yake wamemshika mikono. Arlys anasema hajui kama alisikia kwamba ameshikwa. Ndilo jambo linalomuuma kuliko yote, na ametaka lisemwe, kwa sababu amechoka kulibeba peke yake.

Laddie ametanguliwa na wazazi wake Anton na Bozena, kaka yake Miloslav, na mwanawe Josef. Ameacha mjane wake, Arlys. Binti yake, Renae, wa Kearney. Dada yake, Blanche, wa hapa Brodek. Na wapwa ambao mmoja wao ndiye anayewasomea haya. Baada ya maziko, akina mama wa parokia wamewaandalia nyama na kolache katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na kwa kuwa Jumatano ya Majivu, mwanzo wa mfungo, ni keshokutwa, Arlys anawaomba mle bila woga.

Katika zile bastola saba, mbili zilikutwa na hitilafu. Moja ni ya Gaylen, mmoja wa wabeba jeneza leo. Nyingine ni ya Loretta Stanek, anayefundisha watoto wa mji huu kulenga shabaha kila Jumamosi, wakiwa wamemzunguka huku na huku. Laddie alimpigia simu Alhamisi ile ya Julai, siku mbili kabla ya darasa la Jumamosi. Kwa hiyo, pamoja na hao tuliowataja, Laddie amewaacha wakiwa hai Loretta, na wale watoto, ambao wengi wao wamekaa pale viti vya nyuma na mama zao.

Ee Bwana, mpokee Ladislav, umpe pumziko lisilo na maumivu.